Binti Yangu Amefumua Kiondo cha Wakwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza salamu. Huku Kanyakine Baba Kajuju anakusalimia ingawa goti linamsumbua, nyanya anakusalimia, Mwendwa kitinda mimba wangu anakusalimia akiwa shule, na Kajuju mwenyewe angekusalimia lakini hajui nakuandikia, maana shida ni yeye.

Huyu msichana huona makosa mahali mtu mwingine haoni kitu, akishona pindo la kitambaa anarudia mpaka unachoka kumwangalia, nami nilisema ni karama, lakini Jumamosi wazazi wa Mugendi, kijana anayetaka kumuoa, walitoka Manyatta kuja kutuona, na mama yake akaleta kiondo kimejaa unga na sukari, na wewe unajua kiondo cha mgeni hakirudi kitupu, basi nikamtuma Kajuju akakijaze nduma, tukangoja, tukaongea mambo ya mvua mpaka yakaisha, kumbe ameketi jikoni anakifumua! Akatoka na nusu ya kiondo na nyuzi shingoni. Nikamuuliza, "Kajuju, umefanya nini?" Akasema, "Mama, laini moja ilikuwa imeruka, ningeiacha aje?" Mama Mugendi akasema polepole, "Hicho nilisuka mimi." Wakaenda na nduma kwa gunia, na tangu hapo hawajapiga simu.

Sasa kuna watu wa Embu wanafuma blanketi na shali, walimjaribu Kajuju wakampenda, wanataka aanze Jumatatu, na Embu na Manyatta ni pua na mdomo, atakutana na yule mama sokoni, na watu watasema amemfuata bwana kabla hajaitwa. Nataka nimwambie akatae, auze dukani kwa binamu yangu. Tafadhali nijibu haraka kabla Jumatatu haijafika.

Mimi Mama Kajuju.

Mama Kajuju,

Salamu zimefika zote, hata za goti. Nimecheka, nisamehe, kisha nikamhurumia Mama Mugendi.

Wewe unasema ni karama, halafu unataka kuifungia dukani ipime sukari? Uzi mmoja ukiruka mwanzoni mwa blanketi, kosa linatembea mpaka mwisho na mteja anarudisha blanketi. Wafumaji wanatafuta jicho kama hilo kwa tochi. Lakini Kajuju naye ana makosa: kazi ya mtu haiguswi kabla ya kumuuliza mwenyewe. Mwambie hivyo, bila kupiga kelele.

Kesho nendeni Manyatta, wewe na yeye. Msimtume Mugendi. Bebeni ile nusu na nyuzi zake, na mzigo wa heshima. Kajuju aombe msamaha, kisha amwombe mama amwonyeshe anavyosuka mwenyewe. Asitaje ile laini!

Mtafutie chumba karibu na kazi, na wasichana wenzake. Anayetoka asubuhi kwenda kujitafutia riziki hajamfuata mwanamume. Aulize pia kama atalipwa akijifunza, na kama atafundishwa kutandika nyuzi kwenye mtambo na kuzitia rangi, asije akaachwa kukata vishada vya pindo la shali tu.

Mama Mugendi akikataa kuwafungulia, wekeni mzigo mlangoni mrudi kwa amani. Jumatatu haisogei. Kajuju anaingia kazini, na wewe unabaki nyumbani kumwombea.