Kitochi Changu Kinaita

Jumamosi, jioni

Wamehamisha sala ya jumuiya bila kuniambia. Nimekwenda na rozari yangu mpaka kwa Mama Yustina, nikakuta kufuli mlangoni. Jirani yake akaniambia, "Shikamoo bibi. Leo wanasalia Kitete. Kwani hukuona kwenye grupu?"

Grupu! Mimi nina kitochi. Kinapiga, kinapokea, na chaji inakaa siku nne. Tangu Pasaka mwanangu Agnesi anataka kuniletea simu ya kupangusa, nami namkatalia. Hiki kinanitosha, na sitabadili neno.

Ila zamani Mama Yustina alikuwa ananipigia kila Ijumaa kunikumbusha. Tukishamaliza habari ya sala, tunapiga soga mpaka salio lake linakwisha. Siku hizi anaandika mara moja, wote wanasoma, basi.

Njiani nikaingiwa na wasiwasi. Labda kimeharibika, na watu wananitafuta hawanipati? Nikapita dukani, nikamwomba muuza duka anipigie.

Kikaita palepale, kwa kelele zake zilezile.

"Kizima hiki, bibi. Nikate?"

Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Kiache kiite kidogo."