Wavulana Wenye Magauni

Umbilo, Durban
9 Juni

Dada yangu mpendwa Spès,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Sisi tu wazima. Mke wangu Lyse bado anasuka nywele kule Overport, na binti yetu Inès ameng'oka meno mawili ya mbele, ila maneno hayajapungua. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kuna jambo nisingeweza kulisema kwa simu.

Umenieleza kwamba bado unaitafuta picha ya mama, ile ya pekee ya ujana wake tuliyopigwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ili iwekwe mbele ya watu mwezi ujao siku ya kumaliza msiba wake. Na kwamba humsalimii tena shangazi Médiatrice kwa kuwa unaamini aliichukua. Nitafika huko.

Bado nafanya kazi kwa Baudouin, yule Mkongomani mwenye duka la fremu za picha. Mwezi uliopita alikuja bibi wa Kizungu kutoka Westville na boksi la picha za zamani sana, zote za watoto wa ukoo wao, walowezi wa mwanzo waliofika Durban kwa meli. Alitaka fremu mbili kubwa, moja ya wasichana, nyingine ya wavulana. Nilizipanga kwa siku tatu, kwa makini, unavyonijua.

Aliporudi, alisimama mbele ya fremu ya wasichana akacheka mpaka akavua miwani. Nilikuwa nimemweka babu yake mzaa baba katikati ya wasichana. Baudouin akachungulia, akasema, "Eish, Ladi, huyu ni mutoto mwanaume." Ningejuaje? Alikuwa na nywele za mawimbi na gauni la lesi hadi miguuni. Bibi alinieleza, bila kunigombeza, kwamba zamani zile wavulana wao walivaa gauni mpaka miaka mitano au sita, na hakuna aliyeona ajabu. Akasema picha hiyo ndiyo anayoipenda kuliko zote na kila mgeni wake lazima aione.

Alipoondoka nilikwenda nyuma ya duka nikalia.

Dada, picha ya mama ninayo mimi. Niliitoa kwenye sanduku lake wiki niliyosafiri, miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa sababu ya yule mtoto wa mbele mwenye gauni la maua. Siku ile ya picha nguo zangu zilikuwa zimekwisha kuchanika, ukavua gauni lako, la pekee ulilokuwa nalo, ukanivika. Tuliporudi nyumbani vijana wa mtaa waliiona picha, wakaniita binti mpaka nikaota ndevu. Niliogopa Lyse na ndugu zake wasije wakaiona. Ulipomshuku shangazi nikanyamaza, na hilo ndilo baya zaidi.

Jana nilimwonyesha Lyse. Gauni langu hakulishangaa hata kidogo. Aliangalia muda mrefu, kisha akauliza, "Mbona dada yako amejifunga shuka tu, hakuwa na nguo?" Miaka yote hii, dada, nilikuwa nikiliona gauni tu. Sikuwahi kukuona wewe. Asante. Nimechelewa, lakini asante.

Nimempigia shangazi asubuhi hii. Amelia, akanitukana kidogo, kisha akaniombea. Nenda ukamsalimie. Élisabeth wa kanisani kwetu, anayekuletea barua hii, amebeba na picha. Fremu nimeitengeneza mwenyewe, kwa mbao nzuri kuliko zote dukani, na Baudouin amekataa nimlipe.

Wasalimie watoto, majirani na wote wanaonikumbuka. Na siku ya msiba wageni wakiuliza yule msichana mdogo mbele ya mama ni nani, usinifiche. Waambie ni Ladislaus, na gauni lilikuwa lako.

Ni mimi mdogo wako,
Ladislaus