Harufu ya Gundi

Dagoretti Corner
3 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Hujambo? Magoti yanaendeleaje na hii mvua? Awuor wangu anakula? Mimi ni mzima, ni uchovu tu. Naandika kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na nusu unajijazia.

Nimepata kazi, Mama. Kuna bwana anaitwa Viraj, ana karakana hapa karibu na Ngong Road. Anatengeneza jetiski, zile pikipiki za majini za matajiri wa Kilimani. Ninazoshika mimi hazina kiti. Mtu anasimama wima na mashine inakimbia. Ili asiteleze, mahali pa miguu tunabandika mkeka wa raba. Mimi ndiye wa kubandika. Viraj anasema mkono wangu umetulia kuliko wa wanaume wake.

Sasa naweza kumlea Awuor. Ana miaka minne, Januari anaanza shule, na nimeshaongea na mwalimu huku. Nakuja kumchukua tarehe ishirini Desemba. Mwambie wewe, Dani wake, kidogo kidogo, asishtuke. Tangu Pasaka ya mwaka jana hajaniona.

Binti yako,
Ivyne


Ugunja
17 Novemba 2024

Ivyne mwanangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Magoti yapo. Mtoto anakula, jana amemaliza omena akaniachia mchuzi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, halafu nikajiuliza: ziwa la Nairobi liko wapi? Sisi wa karibu na ziwa hatuna pikipiki za majini, nyinyi wa mitaroni mnazo?

Binamu yako Peres wa Kawangware alikuja matanga huku wiki iliyopita. Hakutaka kusema, nikambana. Alikukuta saa nane mchana nje ya geti la hiyo karakana, macho mekundu, unacheka peke yako, unanuka gundi. Gundi, Ivyne.

Unajua nani mwingine alinuka hivyo. Kaka yako Bramwel alienda huko kushona viatu. Naye aliandika kwamba kazi ni nzuri. Nilimkuta barabarani na chupa puani, hakunijua. Tulimzika akiwa na miaka kumi na tisa.

Mjukuu wangu hatoki hapa.

Mama yako


Dagoretti Corner
24 Novemba 2024

Mama,

Salamu kwako na kwa Awuor. Sijalala vizuri tangu barua yako ifike, lakini sitakujibu kwa hasira.

Ziwa hatuna, mashine huletwa huku kutengenezwa, halafu wenyewe wanazirudisha pwani. Na silewi gundi. Soma pole pole. Kwanza nakwangua gundi ya zamani, napiga msasa, nafuta na spiriti. Halafu napaka gundi kwenye mashine na mgongoni mwa mkeka, nangoja. Nikiigusa na isishike kidole, ndiyo saa yake. Nashusha mkeka kuanzia katikati, napita na rola. Ukishagusa hausogei tena, ukikosea umeharibu. Ndiyo maana tunafunga milango, vumbi lisianguke kwenye gundi mbichi, na hapo kichwa kinazunguka. Siku ya Peres nilikuwa nimebandika mashine mbili mfululizo bila maski, maana inaniziba pumzi. Nilitoka kupata hewa. Ni hayo tu.

Bramwel alikuwa kaka yangu pia. Usinipimie kaburi lake.

Na mimi nikuulize. Kwa nini kila nikipiga simu Awuor amelala, hata saa nne asubuhi? Umemwambia nini juu yangu? Mtoto ni wangu, Mama. Tarehe ishirini.

Binti yako,
Ivyne


Ugunja
3 Desemba 2024

Ivyne,

Sisi tuko salama. Wewe sijui.

Nilipofungua bahasha, kabla sijasoma neno, nilisikia harufu. Karatasi yako inanuka shati la Bramwel. Mimi ndiye niliyelifua lile shati, huwezi kunidanganya.

Ndiyo, nilisema amelala na alikuwa anacheza. Sikutaka asikie sauti ya kulewa. Usije.

Mama yako


Dagoretti Corner
12 Desemba 2024

Mama,

Naomba Mungu hii ikukute mzima. Simu yako imezimwa siku tatu. Jirani yako Obuya anasema mlango una kufuli na kuku wako kwake. Barua hii naituma kwake, akupe ukirudi.

Umempeleka wapi mtoto wangu? Kama ni kwa ndugu zako ili nisimpate, nitapita nyumba kwa nyumba. Nakupenda, Mama, lakini kwa hili sitakuheshimu.

Ivyne


Kawangware
13 Desemba 2024

Ivyne mwanangu,

Umekula? Anza na hilo.

Barua hii nampa Mwololo, askari wa geti lenu. Usimfokee, ni mimi niliyemwomba anyamaze. Nimekaa kibandani kwake siku mbili nikikuchungulia kama mwizi. Ulipoenda chakula alinionyesha hiyo mashine. Kweli haina kiti. Nilijaribu kubandua pembe ya mkeka wako kwa kucha, nikavunja kucha. Nilikusingizia. Nisamehe.

Lakini jana milango ilipofunguliwa ulitoka ukipepesuka, ukatapika kando ya mtaro. Maski ilikuwa mfukoni, niliiona. Pua haiulizi kama umekuja kulewa au umekuja kazini. Bramwel naye alianza na viatu. Mwambie huyo Viraj alete maski ya kweli na aweke dirisha, vumbi au hakuna vumbi. Akikataa, mkono uliotulia hautakosa kazi Nairobi.

Niko kwa Peres. Nimekuja na nguo zote za Awuor, hata zile zinazombana. Mambo ya shule utayapanga wewe, ni mtoto wako. Oga kwanza.

Kibandani nilikuwa na Awuor. Ulipotapika alinivuta leso, akasema, "Dani, yule mama ni mgonjwa. Ni mama wa nani?" Ameuliza tena leo asubuhi akinywa uji.

Njoo umjibu mwenyewe.

Mama yako