Kiungio cha Waya Kule Juu ya Suji

Baba Nakijwa,

Shikamoo. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike na bado sijatulia. Naandika, nasimama, nakaa tena.

Kituo chetu cha simu huku juu ya Suji kina wamiliki wapya. Wameleta saa inayopokea majira kutoka setilaiti. Ikiyumba, simu zinakatika. Mimi ndiye niliyeambiwa nichague antena ya nje na waya wake. Mimi, uliyekuwa ukiniambia, "Binti, usiharakishe kukata."

Antena nilichagua vizuri. Kichwa chake kimechongoka, maji hayatuami, nikaifunga juu ya mnara, mbali na mikaratusi, ione mbingu yote. Kwenye waya ndipo nilipokosea. Meneja alisema mpya unaagizwa Dar, nisubiri. Sikusubiri. Nilitoa ule wako mnene, uliouhifadhi stoo tangu miaka ya foleni za sabuni. Ukapungua kama hatua nne. Nikaunga kipande chembamba cha televisheni, nikazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ulivyonifundisha, ila bila nta. Nta ilikuwa imekwisha, nikaona uvivu kushuka dukani.

Ukungu ulipokuja, saa ikapoteza setilaiti. Kule chini Makanya walikaa siku mbili bila simu. Kuna mama kule alikuwa akisubiri habari za mwanawe aliyelazwa Moshi.

Meneja alipanda mwenyewe. Akafungua kiungio, maji yakamtiririkia mkononi.

"Nani aliunga hivi?"

Nikasema, "Marehemu. Waya niliukuta stoo umeungwa hivyo."

Akacheka. "Mafundi wa enzi za shida." Nami nikampa kitambaa afute mkono. Wewe, uliyekuwa ukiyeyusha mshumaa wa nyumbani kwako ili tone lisipenye.

Sasa tumeweka waya mpya, mnene, mzima toka juu hadi chini, pamoja na kinga ya radi. Saa haiyumbi. Watu wanaongea. Jana Mama Nakijwa aliniuliza sokoni kama kazini bado wanakutaja. Nikamjibu, wanakutaja kwa wema. Uongo wa pili huo.

Meneja anapanda tena Jumatatu. Nitamwambia kabla hajavua koti: kiungio kile ni changu, Baba Nakijwa asingeunga vile. Akinifukuza, nitashuka. Nikishuka nitapita kwa Mama Nakijwa, nimweleze na yeye, hata kama hatanikaribisha ndani.

Pumzika, mwalimu wangu. Jina lako nililichafua mimi, na mimi ndiye nitakayelisafisha.

Mwanafunzi wako,
Namcha