Kicheko Ulichokiacha Melini

Baba Kabula,

Salamu leo sina. Nina ugomvi na wewe, na usidhani kwa kuwa umelala huko chini utaukwepa. Nakuandikia kwa mkono wangu, kwa herufi zile zile za kisomo cha watu wazima, kwa hiyo zikipinda vumilia. Maneno yenyewe hayajapinda.

Nimepanda meli yako. Ndiyo, mimi. Miaka yote uliyovuta kamba kwenye meli ya Bukoba sikuwahi kukanyaga ngazi yake. Kila nikisema nikusindikize hata safari moja, ulijibu, "Kuna nini kule? Maji tu." Sasa mwanao Kabula amejifungua huko kwa mumewe Bukoba, mtoto wa kiume, akanitumia nauli. Nikafunga kanga zangu na dagaa wa zawadi, nikatoka Kirumba kwenda bandarini.

Mji umebadilika tangu utuache. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi huku tunakaanga mapanki, kichwa na mifupa, na tunaambiwa tushukuru soko huria. Nusu ya wenzako wamepunguzwa kazini. Wewe uliondoka kabla barua yako haijafika. Lakini hayo siyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nilikaa daraja la tatu, kwenye benchi, katikati ya wale wanawake wanaoleta ndizi Mwanza na kurudi Bukoba na mitumba na sabuni. Meli haijayapita hata yale majabali ya mbele ya bandari, mmoja akaanza, "Siku hizi safari imepooza. Tangu Mzee Kamba afe, hakuna kucheka." Wote wakasikitika. Nikauliza huyo Mzee Kamba ndiye nani. Wakanieleza: mrefu, ana kovu kwenye kidole gumba, mtu wa Kirumba.

Baba Kabula! Wewe? Kucheka? Wewe uliyekuwa unaingia nyumbani unasema "nimerudi," unakula, unasema "haya," unalala? Majirani walikuwa wananiuliza kama tumegombana. Nikawa nawajibu kwamba mume wangu ndivyo alivyoumbwa, Mungu alimnyima maneno. Nilikutetea, mzee wewe. Kumbe mdomo ulikuwa nao. Ulikuwa unauacha melini pamoja na kamba.

Yule msemaji wao, wanamwita Mama Koku, akaanza kusimulia vichekesho vyako. Na vyote, nasema vyote, vinamhusu mkeo. Eti mke wa Mzee Kamba akikasirika, kuku wanaingia bandani saa nane mchana. Eti alimgombeza paka mpaka paka akahamia kwa jirani. Eti alimfukuza mtoza kodi kwa mwiko. Watu wanajishika mbavu. Nilinyamaza mpaka hapo pa mwiko. Hapo nikashindwa. Nikasema, "Haukuwa mwiko. Ulikuwa mchi."

Mama Koku akapiga kelele, "Jamani, ndiye yeye! Mama Kabula mwenyewe!" Wakanizunguka, shikamoo mama, shikamoo mama, huyu ananipa karanga, yule ananiletea chai. Wanajua hata kwamba nakoroma! Walidhani nitacheka nao. Sikucheka. Nilikuwa nawaka.

Si kwa sababu ulinisema. Paka alihama kweli, paka mjinga yule. Kilichoniuma ni kicheko. Mama Koku aliiga unavyocheka: kwanza kikohozi kidogo, halafu unapiga paja, halafu sauti inapanda mpaka inakuwa nyembamba kama ya mtoto. Wenzake wakasema, "Huyo huyo!" Wauza ndizi wanakijua kicheko cha mume wangu, na mimi niliyekupikia, niliyekukanda miguu, niliyekuzalia, nafundishwa na mgeni kwenye benchi. Nilitamani nimpige kofi, kisha nimwombe arudie.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Sikumshukuru.

Nikawachunguza mmoja mmoja kama kuna hawara wako, unanijua. Hakuna kati yao wa kukutosha. Na bora angekuwapo! Mwanamke mmoja ningemweza, ningemfuata mpaka mlangoni kwake. Lakini meli nzima, Baba Kabula? Hiyo ningeishikia wapi?

Asubuhi, tulipokaribia bandari ya Kemondo, kabla ya Bukoba, Mama Koku akasogea. "Mama, na wewe tuambie. Nyumbani alikuwaje?" Wote wakatega masikio. Nikafungua mdomo. Nikakumbuka ile wiki tuliyomzika Masalu wetu, mtoto hajatimiza hata mwaka. Uliposhuka melini hukusema neno, hata lile "nimerudi" lako. Ulikaa kwenye mkeka nyuma yangu, ukauegemeza mgongo wako kwenye wangu, tukakaa hivyo, kila mtu analia upande wake, mpaka nikasinzia nimekaa. Nilipoamka bado ulikuwapo. Umekakamaa, hujasogea, usije ukaniangusha.

Nikafunga mdomo. Nikawaambia, "Nyumbani alikuwa wangu. Hayawahusu." Wakaguna. Waache wagune.

Mjukuu nimemwona. Ana masikio yako makubwa, pole yake. Kabula anataka nikae mpaka mwezi uishe. Baadaye nitarudi kwa meli hiyo hiyo, na Mama Koku atanipa vichekesho vilivyobaki, kimoja kimoja, mpaka viishe. Vimetengenezwa kwa ukali wangu, ni mali yangu. Lakini habari ya ule mkeka hawaipati. Hata Kabula simwambii. Hilo nakuahidi, we mzee msiri: nitakuja nayo huko uliko, nzima, haijaguswa na mtu.

Lala sasa. Bado nimekasirika.

Mkeo,
Mama Kabula