Usiwalete Ng'ombe Samuye

Samuye,
kupitia Posta ya Shinyanga,
14 Oktoba, 1982.

Mpendwa Kaka Kalisti,

Shikamoo kaka. Huko Geita mnaendeleaje? Wifi Apolonia amepona malaria? Na hayo mashimo ya dhahabu bado hayajakutajirisha, au umetajirika ukatunyamazia? Sisi wazima, ila Mama miguu inamsumbua. Ya ng'ombe ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Utakumbuka marehemu Baba alivyowagawa ng'ombe wake: wengine Didia kwa baba mdogo, wengine Kagongwa kwa shangazi, ili balaa likija mahali pamoja lisimfilisi. Wezi walipozidi, mkutano wa kijiji uliamua wote warudishwe, walale katika zizi moja kubwa, vijana wakilinda kwa zamu. Yowe la mwano likipigwa, kila mwanamume atoke na upinde. Tulifurahi, kaka. Hatukuibiwa tena hata ndama. Ndipo Mama akakuagiza ulete na wako.

Sasa sotoka imeingia zizini. Ng'ombe wanatokwa machozi, wanahara, kisha wanaanguka. Tulijiandaa kwa wezi tu, ugonjwa ukatukuta tumewakusanya wote pamoja. Bwana mifugo alikuja kwa baiskeli, akasema chanjo hana na petroli ya kuifuata hakuna, akaweka karantini. Hata wazima haturuhusiwi kuwatoa. Tunawatazama tu.

Makoye, mkuu wa walinzi, bado anasimama mlangoni pa zizi na upinde wake. Nilimuuliza analinda nini.

"Sasa dada, nikikaa nyumbani ndo nitafanya nini?" alinijibu.

Nilirudi nyumbani nikalia.

Mama anasema ng'ombe wako waje tu. Amewafagilia mahali nyuma ya nyumba, eti hapo hawataambukizwa. Majirani nao wanawasubiri, maana maziwa yamekatika kijiji kizima. Kila jioni wananiuliza wamefika wapi. Nikisema wasije, naonekana mchoyo.

Kaka, nakusihi, usiwalete. Wakikanyaga hapa wamekwisha, na ndio pekee watakaobaki katika ukoo wetu. Barua hii nampa dereva wa lori la pamba, kwa kuwa posta itachelewa. Kama umeshawatoa, tuma mtu awakimbilie awarudishe. Mimi huku sina ninaloweza zaidi ya kuandika, na sijui hata kama itakuwahi.

Msalimie wifi, na Bartholomeo na Limi. Mama anakusalimu sana. Hajui nimekuandikia haya. Mpwa wako Tabu nilimwachisha ziwa juzijuzi, nikitegemea maziwa ya zizini. Naandika huku ananililia mgongoni, na uji haumtulizi. Najua unavyompenda. Usimhurumie, kaka.

Mungu awatunze nyote, na ng'ombe wako awazuie hukohuko.

Mdogo wako asiyeacha kukupenda,
Scolastika