Damu ya Mtu Mzima

Jumatatu, 3 Machi

Imeletwa damu ya binti wa miaka minne. Haongei, hatembei, degedege kila wiki. Bosi — tunamwita Miwani, mwenyewe hajui — anashuku ile jeni inayorekebisha tRNA, vibebeo vidogo vinavyopeleka malighafi seli ikijenga protini. Visiporekebishwa, ubongo ndio unaoumia.

Ilitakiwa damu ya mtu mzima wa afya, ya kulinganishia. Hapa maabara kwetu tunachomana wenyewe. Nikatoa yangu, kama siku zote.

Jumatano, 5 Machi

Binti ana kasoro, nakala zote mbili za jeni. Na damu yangu nayo inayo — nakala moja. Miwani kanigombeza: umechanganya sampuli, una haraka ya nini? Nikanywea. Miaka tisa sijachanganya hata tone.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudia. Damu mpya, mkono wa kushoto. Ile ile.

Afadhali ningekuwa nimechanganya.

Nakala moja haina madhara. Lakini mimba yangu ina miezi mitano, na mume wangu si mtu baki. Bibi zetu walikuwa ndugu. Kama naye anayo, nafasi ni moja kati ya nne mtoto awe kama yule binti. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia mume wangu. Akaleta mzaha — mmeishiwa damu, sasa mnawageukia waume? Kisha akaniona uso. Akasema yeye buheri wa afya, kwao hakuna ugonjwa huo. Tukanuniana mpaka jioni. Naogopa. Na hasira ninazo, sijui za nani.

Jumatatu, 10 Machi

Amekuja maabara mwenyewe, sikumwita. Akakaa, akanyoosha mkono, akatazama ukutani. Nikachoma.

Bomba lilipofika nusu akasema alikuwa na mdogo wake wa kike. Miaka minne ya ndoa, sijawahi kusikia! Mama mkwe alikataza asitajwe. Mtoto huyo alifariki ana miaka sita. Hakuwahi kumwita kaka, akasema. Hakuwahi kumwita mtu yeyote.

Nikachomoa sindano, nikambandika pamba. Akauliza majibu lini. Ijumaa, nikasema.

Sasa yuko koridoni anampigia mama yake. Namsikia. Anamwuliza yule mtoto alikuwa na nini hasa.



Anamwuliza tena.